Kengeleni: mji unaoitika kwa majina ya wageni

Makanga wa matatu hangoji. Gari likishuka Daraja la Nyali kutoka kisiwani, amekwisha gonga bodi na kupaza sauti: Kengeleni, Kengeleni wajitayarishe! Mlango unafunguka magurudumu yakiwa bado yanazunguka. Anashuka mama mwenye kikapu kitupu anayekwenda soko la Kongowea, wanashuka wanafunzi wawili, anashuka fundi na mfuko wake wa vyuma. Tuktuk zinawazunguka. Harufu ya viazi karai inashindana na moshi wa malori yanayoelekea Malindi.

Katikati ya vurugu hiyo, kwenye njia panda, umesimama mnara mfupi wa mawe uliotundikwa kengele. Ndiyo iliyolipa steji jina lake. Nilikaa pale Jumamosi moja, mchana kutwa. Sikumwona mtu aliyeinua macho kuitazama.

Nilikuwa nimetumwa na swali moja tu: Frere Town, mji mdogo uliomezwa na Kisauni, ni mji wa nani? Ni swali linaloonekana jepesi mpaka uanze kulichunguza jina lenyewe.

Watu wengi huliandika "Freetown", wakiamini maana yake ni mji wa watu huru. Ni kosa lenye mantiki, kwa kuwa mji huu ulianzishwa kwa ajili ya watu waliotolewa utumwani. Lakini jina ni la mtu: Sir Bartle Frere, Mwingereza, gavana wa zamani wa Bombay, aliyepita pwani hii mwaka 1873 kisha akaenda zake. Waliofyeka msitu wa Kisauni, wakachimba visima na kujenga nyumba, hawakuandikwa popote kwenye ramani.

> Aliyepita siku chache ndiye aliyeachiwa mji. Waliokaa maisha yao yote wakaachiwa makaburi.

Kaburi la kwanza

Habari za misheni upande huu wa bara zilianza kwa msiba. Mwaka 1844 Johann Ludwig Krapf, Mjerumani aliyetumwa na shirika la Kiingereza la Church Missionary Society, CMS, alifika Mombasa pamoja na mkewe Rosine. Julai mwaka huohuo Rosine alifariki kwa homa muda mfupi baada ya kujifungua, na mtoto akamfuata. Walizikwa bara, upande wa Nyali, ng'ambo ya Mji wa Kale. Kaburi lipo hadi leo.

Miaka miwili baadaye Krapf na mwenzake Johannes Rebmann walihamia Rabai, kwenye vilima, mahali ambapo upepo ni mwepesi na homa ni chache. Kisauni ikabaki na mashamba yake, minazi yake na miembe yake.

Msomaji asiyeijua Mombasa inafaa aelewe jinsi ardhi hii ilivyokaa. Kisiwa kiko katikati. Kusini, ng'ambo ya feri, ni Likoni. Magharibi, kupitia Makupa, ni Changamwe. Kaskazini ni Kisauni, iliyotengwa na kisiwa kwa mkono wa bahari ambao siku hizi huitwa Tudor. Ardhi ni mwamba wa matumbawe uliofunikwa na udongo mchache, na kingo za maji zina mikoko. Kabla ya daraja la kuelea la mwaka 1931, hapakuwa na njia ya kuvuka kutoka Kisauni hadi kisiwani ila chombo. Daraja la sasa lilifunguliwa mwaka 1980.

Mtu akisimama ufuoni kwa Frere Town anaiona bandari ya zamani na nyumba za Mji wa Kale zikimtazama. Upepo ukiwa mzuri, adhana inavuka maji na kumfikia. Ujirani huo una uzito katika habari hii. Waliokombolewa waliwekwa mbele ya macho ya watu waliokuwa bado wanamiliki watumwa.

Mkataba na manowari

Mwanzoni mwa mwaka 1873 serikali ya Uingereza ilimtuma Frere Zanzibar kumshawishi Sultani Barghash bin Said apige marufuku usafirishaji wa watumwa baharini. Barghash alikataa. Frere aliondoka, akamwacha balozi John Kirk amalize kazi, na nyuma ya Kirk kulikuwa na tishio la manowari kuzingira kisiwa. Mkataba ulitiwa saini tarehe 5 Juni 1873, na soko la watumwa la Zanzibar likafungwa. Kwenye uwanja wa soko hilo, Mkunazini, ndipo palipojengwa kanisa kuu la Waanglikana.

Likazuka jambo ambalo mkataba haukulitatua. Manowari ikilikamata jahazi lenye watumwa mia moja, watu hao wapelekwe wapi? Makwao kulikuwa mbali, wengine karibu na Ziwa Nyasa, na njia ya kurudia ilikuwa ileile waliyoletwa kwa minyororo. Mtoto aliyerudishwa ufuoni leo angeuzwa tena kesho.

Frere alikuwa ameitembelea Mombasa, na akashauri CMS ifungue makao huko. Shirika likamtuma kasisi William Salter Price, ambaye kwa miaka mingi alikuwa ameongoza makao ya Waafrika waliokombolewa huko Nasik, nchini India. Price aliwasili Novemba 1874. Mwaka uliofuata alinunua ardhi Kisauni kwa jina la misheni, na manowari zikaanza kushusha watu.

Waliokanyaga ufuo ule walikuwa Wayao, Wamakua, Wanyasa, Wangindo na wengine wengi. Watoto walikuwa tele. Hakuna hata mmoja aliyechagua Mombasa. Jirani wa nyumba ya pili hakuwa ndugu wala wa kabila lako, na huenda hamkusikilizana hata kwa salamu. Kiswahili kikawa lugha ya nyumbani kwa watu ambao mababu zao hawakuwahi kuiona bahari.

Mijini kwetu tumezoea kuhesabu ukoo kwa kurudi nyuma: fulani bin fulani bin fulani. Frere Town hesabu hiyo ilikatika ghafla. Babu wa kwanza ni yule aliyeshuka kwenye mashua.

Wabombei

Hawakuwa kundi moja, ingawa kwa mbali walionekana hivyo. Kulikuwa na mateka, yaani waliotolewa kwenye majahazi. Kulikuwa na watoro, waliojikomboa kwa miguu yao kutoka mashamba ya pwani. Na kulikuwa na Wabombei.

Wabombei walikuwa Waafrika waliokamatwa utotoni, wakaokolewa baharini na kupelekwa India. Huko Nasik walifundishwa kusoma, kuandika na kazi za mikono, wakapewa majina mapya. Wawili kati yao, William Jones na Ishmael Semler, walikuwa Rabai tangu mwaka 1864, miaka kumi kabla ya Price kufika. Bila Wabombei, Frere Town isingesimama. Wao ndio waliokuwa walimu, mafundi, wakalimani na wasimamizi, watu waliomwelewa Mzungu na kumwelewa Myao aliyeshushwa jana.

Mmoja wao anastahili makala yake peke yake. Alizaliwa Myao, akaitwa Chengwimbe. Nasik ilimfanya Matthew Wellington. Alikuwa miongoni mwa vijana wa Nasik waliopelekwa kujiunga na msafara wa David Livingstone, na Livingstone alipofariki kwa Chitambo mnamo Mei 1873, Chengwimbe alikuwa katika kundi lililoukausha mwili na kuubeba kwa miezi hadi Bagamoyo. Mwili ulizikwa Westminster Abbey, London, mwezi Aprili 1874. Chengwimbe alikuja Frere Town. Aliishi Mombasa hadi alipofariki mwaka 1935, mzee ambaye watu wazima waliokutana naye barabarani huenda hawakujua mabega yake yalibeba nini.

Jones naye aliandamana na Askofu James Hannington kwenye safari ya Uganda mwaka 1885. Mwaka huohuo, kabla ya kuondoka, Hannington alikuwa amewapa Jones na Semler daraja la ushemasi. Askofu aliuawa Busoga tarehe 29 Oktoba. Jones ndiye aliyewaongoza walionusurika, njia yote, hadi Rabai.

> Watoto waliouzwa wakiwa hawajui kusoma ndio waliorudi kuwa walimu wa pwani.

Kengele ililia nini?

Hapa ndipo masimulizi yanapogawanyika.

Simulizi inayopendwa zaidi, na ambayo kila mtoto wa Kisauni akiuliza huambiwa, ni kwamba kengele ilipigwa kuwaonya watu wafanyabiashara wa watumwa wanapokaribia. Ikilia, mama anaacha jungu jikoni, anamshika mwanawe mkono na kukimbilia mahali pa salama. Ni simulizi nzuri, na haina sababu ya kupuuzwa. Katika miaka ile ya mwanzo hofu ilikuwa ya kweli, na mnamo mwaka 1880 wakubwa wa Mombasa walitishia waziwazi kuishambulia misheni.

Lakini kengele ya misheni ilikuwa na kazi nyingine pia, isiyosimuliwa sana. Iligawa siku. Ililia watu waamke, ikalia waende shambani, ikalia watoto waingie darasani, ikalia wote waende kusali. Mtu aliyekombolewa alijifunza upesi kwamba uhuru huu una ratiba.

Na una fimbo. Chini ya msimamizi mlei aliyeitwa Streeter, wakazi walichapwa viboko na kufungiwa kwa makosa ambayo wakombozi wao waliyaona ni utovu wa nidhamu. Habari zilifika London, na mwanzoni mwa miaka ya 1880 Price alirejeshwa Mombasa kuiweka sawa hali iliyoharibika.

Nimesikia hoja kwamba mambo haya yasitajwe, kwani yataonekana kuwavunjia heshima waliowakomboa wazee wetu. Siikubali. Mtu aliyetoka kwenye minyororo ya jahazi akapigwa viboko na mwenye kumwambia kwamba sasa yuko huru, amedhulumiwa mara mbili, na mara ya pili inauma kwa namna yake. Kumkumbuka nusu ni kumdhulumu mara ya tatu.

Kengele ilionya na ikaamrisha. Mji ulikua kati ya milio hiyo miwili.

Majirani waliokasirika

Upande wa pili nao usikilizwe.

Mkataba wa mwaka 1873 ulipiga marufuku biashara ya baharini. Haukumwondolea mtu yeyote Mombasa, Takaungu au Malindi mtumwa aliyekuwa shambani kwake. Kwa sheria ya Sultani, na kwa desturi iliyokuwepo, mtumwa aliyetoroka alikuwa mali iliyopotea. Ghafla, mbele ya macho ya wenyewe, wageni wamejenga mji ambao mtoro akiufikia hatoki.

Wamisionari wenyewe hawakuwa na msimamo mmoja. Maofisa wa Uingereza waliwataka wawarudishe watoro. Baadhi ya wamisionari waliogopa kuchomewa mji wakakubali. Lakini Wakristo Waafrika, na hasa Jones akiwa Rabai, waliendelea kuwapokea. Hili ndilo jambo ambalo mimi, kama mwandishi, ningetaka lisomwe shuleni: watu waliokuwa watumwa jana ndio waliofungua mlango kwa mtumwa wa leo, tena kinyume cha matakwa ya wakubwa wao.

Mgogoro ulifika kileleni kampuni ya kifalme ya Kiingereza, IBEA, ilipochukua utawala wa pwani. Mkuu wake, George Mackenzie, aliona hawezi kuanza kazi akiwa na uadui na wenye mashamba. Siku ya Mwaka Mpya, 1889, huko Rabai, vyeti vya uhuru viligawiwa kwa watoro zaidi ya 1,400 baada ya mabwana zao kukubali kulipwa fidia.

Fikiri kidogo juu ya fidia hiyo. Aliyelipwa ni bwana. Aliyelima miaka 15 bila ujira alipewa karatasi.

Utumwa wenyewe, kama hali inayotambuliwa na sheria, haukufutwa katika pwani ya Kenya hadi mwaka 1907.

Freetown ile nyingine

Tuvuke bara hadi Afrika Magharibi, kwa sababu Frere Town ina dada yake mkubwa huko.

Freetown ya Sierra Leone ilianzishwa na watu weusi walioachwa huru. Mwaka 1792 walowezi wapatao 1,200 waliwasili kutoka Nova Scotia, na baada ya Uingereza kupiga marufuku biashara ya watumwa mwaka 1807, manowari zikashusha maelfu waliookolewa baharini. Vijiji vidogo vikachipuka vilimani na ufuoni: Regent, Gloucester, Leicester, Kissy. Majina, kama unavyoona, hayakutoka vinywani mwa waliokaa humo.

Regent ndiyo inayonishangaza zaidi kwa kufanana na Kisauni. Mmisionari wake mashuhuri, Johnson, alikuwa Mjerumani wa CMS, kama Krapf na Rebmann. Kanisa lake la mawe, la Mtakatifu Charles, lilijengwa mwaka 1816. Kisauni nako kanisa la Emmanuel lilijengwa katika miaka ya 1880, nalo bado linatumika.

Ila njia zikaachana. Kule, waliokombolewa walikuwa wengi mno hata wakawa taifa lao wenyewe, Wakrio, wenye lugha yao, nguo zao na mapishi yao. CMS ilifungua chuo cha Fourah Bay mwaka 1827, na mwanafunzi wake wa kwanza kukumbukwa, Samuel Ajayi Crowther, aliyeokolewa kwenye meli ya watumwa, akawekwa wakfu kuwa askofu mwaka 1864.

Hapa kwetu hawakufikia wingi huo. Lakini shule ya wahubiri iliyofunguliwa Frere Town mwaka 1903 ilihamia Limuru mwaka 1930, na leo ndiyo Chuo Kikuu cha St. Paul's. Wangapi kati ya wanaohitimu huko wanajua kwamba chuo chao kilizaliwa Kisauni?

Tarehe 24 Mei 2023 dhoruba iliangusha ule mti mkubwa wa msufi wa Freetown, ambao wakazi waliuhesabu kuwa alama ya kufika kwa wazee wao. Mji mzima uliomboleza, na habari zikaenea duniani. Nilipozisoma niliifikiria kengele yetu, iliyosimama wima njia panda, na watu wakiizungukia kuwahi tuktuk.

Tarumbeta, kitabu na redio

Mji huu ulitoa watu wake kama kisima kinavyotoa maji. Walikwenda Taita na Taveta kufundisha. Walikuwa makarani wa kampuni, kisha wa serikali, kisha wa reli. Walikuwa wakijua kusoma wakati wengi wa nchi hii hawajauona ubao, na ujuzi huo ukawapeleka mbali, kiasi kwamba mji wenyewe ulibaki mtupu kidogo kila kizazi.

Walikuwa na bendi pia. Mwanahistoria Terence Ranger, alipoichunguza ngoma ya beni iliyoenea Afrika Mashariki yote, alizihesabu tarumbeta za watu waliokombolewa wa Frere Town kuwa miongoni mwa chimbuko lake. Vijana wa Mombasa waliusikia mlio ule, wakaunda vyama vyao vya mashindano, Kingi na Scotchi. Leo harusi ikipita mjini na matarumbeta juu ya gari, watoto wakilifukuza, kuna pumzi ya Frere Town mle ndani.

Na walikuwa na kitabu. James Juma Mbotela, mzaliwa wa Frere Town na mtoto wa mtu aliyekombolewa, aliandika *Uhuru wa Watumwa*, kilichochapishwa mwaka 1934. Ni miongoni mwa vitabu vya mwanzo vya hadithi ndefu vilivyoandikwa kwa Kiswahili na Mwafrika. Wako wahakiki waliokilaumu kwa kuwasifu Waingereza kupita kiasi. Lawama hiyo naielewa. Ila mwandishi alikuwa akiandika habari alizozipata kwa baba yake, na mtoto haandiki kwa baridi juu ya mkono uliomfungua baba minyororo.

Mwanawe, Leonard Mambo Mbotela, alizaliwa Frere Town mwaka 1940. Kenya nzima ilimjua kwa sauti. Ndiye aliyeshurutishwa kutangaza mapinduzi yaliyoshindwa ya tarehe 1 Agosti 1982. Lakini kazi yake ya moyoni ilikuwa kipindi alichokianza mwaka 1966, *Je, Huu ni Ungwana?* Alifariki Februari 2025.

Sote tuliusikiliza ungwana ule kama adabu: usiteme mate ndani ya gari, usizungumze na chakula mdomoni. Lakini kwa Kiswahili cha pwani, muungwana kwanza kabisa ni mtu aliyezaliwa huru. Kinyume chake ni mtumwa. Hiyo ndiyo maana waliyoijua watu wa Mji wa Kale walipokuwa wakitazama ng'ambo, kwenye nyumba za misheni, na kuwaona watu wasio waungwana.

Mjukuu wa mmoja wa watu hao alikaa mbele ya kipaza sauti miaka na miaka, akiuliza taifa zima, waungwana na wasio waungwana: je, huu ni ungwana?

Matatu ikitoka Kengeleni kuelekea Malindi, moja ya steji zinazofuata huitwa VOK, kwa jina la Sauti ya Kenya, redio aliyoitumikia.

> Neno lililowafungia mlango babu zake, yeye aliligeuza likawa swali kwa kila mtu.

Ardhi ya nani, kabila gani?

Turudi kwenye swali nililotumwa nalo.

Watu walipewa uhuru, ardhi ikabaki kwa jina la misheni. Waliruhusiwa kujenga, kulima na kuzika. Mwaka 1908 serikali ya kikoloni ilileta sheria ya hatimiliki za pwani: mwenye kudai kipande na alete ushahidi. Familia zenye hati na mashahidi zilisajiliwa, na ardhi isiyodaiwa ikawa ya dola. Mtu aliyeshushwa na mashua angeleta ushahidi gani? Wamijikenda nao, waliokuwa wakilima na kufuga bara hili bila karatasi, walijikuta nje. Mwanahistoria Frederick Cooper aliuita mkondo huo kwa jina la kitabu chake cha mwaka 1980, yaani safari kutoka utumwa hadi uskwota. Hakuna mahali pa Mombasa panapolielewa neno skwota kama Kisauni.

Kisha daraja likaja. Nyali, iliyokuwa shamba la mkonge, ikawa mtaa wa matajiri. Kila thamani ya ploti ilipopanda, swali la karatasi lilizidi ukali. Wapo wazao wanaodai kwamba kipande walimozaliwa na kuwazika wazee wao wanakikalia kama wapangaji. Kanisa nalo lina hoja yake: lilirithi ardhi kihalali, limejenga shule, na likianza kugawa halijui litaishia kwa nani, kwani mtaa umejaa watu waliohamia juzi kutoka kila pembe ya Kenya. Na Mmijikenda anauliza kama kuna mtu atakayeuliza nani alikuwa Kisauni kabla ya Price kununua. Hoja zote tatu zina miguu.

Kuna pia suala la kabila. Fomu ya serikali ina nafasi ya kujaza, na mtu wa Frere Town ajaze nini? Myao? Hajui neno la Kiyao. Mswahili? Kuna mahali atakubaliwa na mahali ataangaliwa kwa jicho la upande. Wamakonde walioletwa Kenya kufanya kazi kwenye mashamba walitembea kutoka Kwale kwenda Nairobi mwezi Oktoba 2016, na mwaka uliofuata wakatambuliwa kuwa kabila la 43. Wapemba waliokaa Kenya kwa vizazi walitambuliwa mwaka 2023. Milango imeonekana inaweza kufunguka.

Si wote Frere Town wanaotaka kuipita. Familia zimeoana na Warabai, Wagiriama, Wataita, na vijana wengi wana kabila la mzazi mmoja linalowatosha. Wengine hawataki kusikia habari yenyewe. Neno mtumwa bado ni tusi Mombasa. Mtu hulitumia akiwa na hasira ya kweli. Mama aliyemficha mwanawe asili yake ili asitukanwe uwanjani hakufanya hivyo kwa ujinga. Simlaumu.

Hata hivyo naona kimya hicho kimewalipia wengine deni lisilo lao. Aibu ya utumwa ni ya aliyeuza na aliyenunua. Na tazama wanaokumbukwa: Ngome ya Yesu imo kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu mwaka 2011, na Wareno na masultani walioigombania wanajulikana kwa majina. Rabai ina makumbusho ndani ya kanisa la Krapf. Frere mwenyewe alitoka huku, na mwaka 1879 akiwa Afrika Kusini akawatumbukiza Wazulu vitani, lakini jina lake bado linaandikwa juu ya shule na barabara zetu kana kwamba ni la mkombozi wa Afrika.

Sidai jina la mji libadilishwe. Limezoeleka, wenyeji wamelipenda, na kufuta jina hakumrudishii mtu hati. Ninachokitaka ni kidogo zaidi, na hakihitaji tume wala bajeti ya kaunti. Pale njia panda, chini ya kengele, pana nafasi ya ubao. Rejista za ubatizo za misheni zina majina ya waliokuja, na baadhi ya familia bado zinayakumbuka majina ya zamani, yale ya kabla ya maji ya ubatizo. Waulizwe wangali hai. Yaandikwe majina ya nyumbani kwanza, ya misheni baadaye.

Na juu kabisa, mahali ambapo abiria anayeshuka kwenye matatu hawezi kukosa kuliona, liandikwe jina la Chengwimbe.